Kifungu cha 2A kilifutwa 1991, lakini leseni ya mkutano ilibaki kwa D.C. hadi 1997

#1 Mlolongo88

Wanajukwaa, salaam kwenu.

Kila Julai ikikaribia, vijana huku Kenya huandika sana kuhusu Saba Saba, yale maandamano ya tarehe 7 Julai 1990 ya kudai vyama vingi, na moyo wangu hufurahi. Kinachonikera ni namna inavyosimuliwa. Wanasiasa Matiba na Rubia walinena, watu wakaingia uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wafadhili wakafunga mfereji wa misaada, Rais Moi akasalimu amri, kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, tukapumua. Kwa masimulizi hayo, kijana anayetaka kubadilisha kitu leo hapati cha kushika mkononi. Miaka sita iliyofuata hukatwa yote. Tangu Desemba 1991 hadi mwishoni mwa 1997 katiba ilisema vyama vingi ruksa, na bado chama hakikuweza kuita mkutano wa hadhara pasipo leseni ya D.C., yaani mkuu wa wilaya. Nataka kuandika juu ya leseni hiyo. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la sita. Mama alinichukua twende naye kwenye mchujo wa wagombea wa KANU, chama pekee wakati ule, uwanja wa shule ya msingi. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Wakala alisimama na picha ya mgombea wake, watu wakajipanga nyuma yake. Ndiyo maana tuliuita mlolongo. Mstari wa mgombea wetu ulipita madarasa ukazunguka hadi kwenye vyoo, wa mwenzake uliishia kwenye mlingoti wa bendera. Jioni tukasikia aliyeshinda ni wa mlingoti. Mama hakusema neno, akaendelea kuchambua mboga. Ungekata rufaa kwa nini? Ushahidi wote ulikuwa ni watu, na watu walikuwa wameshaenda makwao. Isitoshe, kanuni ya mwaka ule ilisema aliyepata asilimia 70 kwenye mlolongo amepita moja kwa moja, hapigiwi kura ya siri tena.

Ila kilichomuuma mama zaidi kilikuwa kidogo kuliko hicho. Yeye na wenzake kumi na wawili walikuwa na chama cha kuchangiana, kila mwezi mmoja apewe pesa anunue mabati au vyombo. Chifu akawaambia hawakutani bila barua yake. Barua ilipatikana kwa kuku, na wakati mwingine kwa kuku wawili. Wakati ule nilidhani huyo ni mtu mwenye tamaa tu. Miaka mingi baadaye nilisoma Sheria ya Mamlaka ya Machifu, Sura ya 128, nikaelewa nguvu ile ilitoka wapi. Mkoloni aliitunga ili chifu aweze kumwamrisha raia wa kawaida, kumpeleka kwenye kazi za lazima, kumkamata. Uhuru ulipokuja sheria ikabaki palepale, ikabadilishwa bendera tu juu ya ofisi. Na ndugu yake, Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ni ya 1950, enzi za kuelekea hali ya hatari. Hiyo ndiyo iliyompa D.C. mamlaka ya kutoa au kunyima leseni ya mkutano.

Sasa turudi 1990. Tarehe 3 Mei Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita waandishi wa habari wakadai vyama vingi. Wakaomba leseni ya mkutano Kamukunji, wakanyimwa. Tarehe 4 Julai wakatiwa kizuizini. Tarehe 7 watu wakaenda Kamukunji hata hivyo, na Nairobi ikawaka kwa siku kadhaa, pamoja na miji mingine. Watu wasiopungua 20 walikufa. Kijana kuinua vidole viwili kwenye matatu, alama ya vyama vingi, lilikuwa jambo la kumpeleka ndani.

Halafu Agosti 1991 ikaja FORD, kundi la kudai vyama vingi, na hapa naomba msome polepole. Waanzilishi walikuwa sita: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Salim Bamahriz na George Nthenge. Kwa nini sita? Sheria ya Jumuiya, Sura ya 108, ililitambua kundi kuwa jumuiya inayopaswa kusajiliwa likiwa na watu 10 au zaidi. Wazee wale walijua wakipeleka maombi ya usajili watanyimwa, na wakiendesha jumuiya isiyosajiliwa watafungwa. Wakabaki chini ya idadi hiyo. Mbele ya sheria walikuwa wazee sita wenye maoni yanayofanana. Kila nikilifikiria jambo hili naona heshima kubwa: Jaramogi alikuwa karibu na miaka 80, amewekwa kizuizini na kufungiwa nyumbani, na bado aliketi na wenzake wakasoma sheria ya adui wao neno kwa neno mpaka wakaona pa kupitia.

Tarehe 16 Novemba waliita watu Kamukunji, wakanyimwa leseni, wakakamatwa. Siku kumi baadaye wafadhili wakakutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa miezi sita. Tarehe 3 Desemba, Kasarani, Moi akawaambia wajumbe wa KANU kifungu kifutwe. Wajumbe ambao muda mfupi kabla walikuwa wakiapa kuwa chama kimoja ni milele walipiga makofi. Tarehe 10 Bunge likafuta.

Hapo ndipo masimulizi hukatika. Lakini D.C. alikuwa bado mtumishi wa Ofisi ya Rais, leseni ilikuwa bado mezani kwake, chifu alikuwa bado na Sura ya 128, redio ya taifa ilikuwa moja, na tume ya uchaguzi yote iliteuliwa na mgombea mmoja. Mwaka 1992 wagombea wa upinzani walizuiwa kufika kurejesha fomu, hasa Bonde la Ufa, na zaidi ya viti 15 KANU ilivipata bila kupingwa. Vijana wengi hawakuandikishwa kwa kukosa vitambulisho. Mapigano ya kikabila yalikuwa yameshawafukuza watu mashambani kwao. Tarehe 29 Desemba Moi akashinda kwa takriban asilimia 36. Ndiyo, upinzani ulijigawa, FORD ikawa mbili, Mwai Kibaki akawa na chama chake cha DP, na mimi siwatetei. Ila wengi wetu tuliridhika na maelezo hayo ya kujigawa, tukaacha kuuliza kuhusu meza ya D.C.

Waliouliza walikuwa watu wa asasi, kanisa na wanasheria. Aprili 1997 walikutana Limuru wakaunda NCEC, baraza la kudai mageuzi ya katiba, wakaanza kuita mikutano kwa makusudi bila leseni: 3 Mei, 31 Mei, kisha 7 Julai. Siku hiyo ya Saba Saba ya 1997 polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints wakawapiga watu waliokuwa wakisali. Watu zaidi ya kumi walikufa nchini. Agosti 8 ukaitwa mgomo. Ndipo wabunge wa KANU na wa upinzani wakaketi pamoja, kundi likaitwa IPPG, na kabla ya uchaguzi leseni ikaondolewa. Badala yake ukawa unatoa taarifa kituo cha polisi. Meno mengi ya chifu yakang'olewa pia, na upinzani ukapata kupendekeza makamishna 10 wa tume ya uchaguzi.

Swali langu kwenu, wa Kenya na wa kwingine: kwenu leseni iko mezani kwa nani?

#2 Pwani_Yetu

Mkuu Mlolongo88, ahsante kwa uzi wenye kina. Ila mimi nakupinga kidogo. Bila Paris hakuna kitu. Watu walishakufa Julai 1990 na Moi hakutikisika. Mwaka na nusu baadaye wafadhili wanafunga pochi, wiki moja tu kafuta kifungu. Hapo raia wana mchango gani?

#3 Mlolongo88

Ndugu Pwani_Yetu, pigo la Paris sitalipunguza, lilikuwa zito. Lakini tazama wafadhili waliridhika na nini. Novemba 1993 walianza tena kutoa misaada. Sura ya 56 ilikuwa palepale, Sura ya 128 palepale. Mtu wa mbali huona jambo linaloonekana kwa mbali: vyama vingi, uchaguzi, waangalizi. Kuku wa mama yangu hawezi kumwona kutoka Paris.

Na mwaka 1990 haukupita bure. Baada ya Saba Saba kamati ya KANU chini ya Makamu wa Rais Saitoti ilizunguka kusikiliza maoni, na watu wakaitumia kusema mambo ambayo hayakuwahi kusemwa hadharani. Kabla mwaka haujaisha mlolongo ukaondolewa. Hilo lilitoka kwa waliopigwa, miezi kumi na moja kabla ya Paris. Mwaka 1997 ni kweli IMF nayo ilisimamisha mkopo Julai, kwa sababu ya ufisadi, na hilo liliongeza uzito. Lakini waliochagua kudai leseni iondolewe ni watu wa hapa.

#4 Binti_Mau

Kaka, umewaruka akina mama. Tarehe 28 Februari 1992, 2A imeshafutwa miezi miwili na ushee, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao 52 waachiliwe. Kisha wakakaa Uhuru Park wakisusia chakula, pamoja na Wangari Maathai. Walikuwa wazee, wengi kutoka vijijini, kina Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi, mmoja wa wafungwa hao. Waliomba tu kwamba kama vyama vingi sasa ni halali, basi waliofungwa kwa kudai hivyo watoke.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na marungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya wale kina mama wakavua nguo mbele ya askari. Kwetu huko ni kulaani. Mama kumwonyesha kijana wa umri wa mwanawe uchi wake ni kumwambia umenikana, nami nimekukana. Wangari alipigwa akazirai akapelekwa hospitali. Kesho yake hawakurudi vijijini, walihamia All Saints, wakaishi chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Shangazi yangu aliwapelekea blanketi. Anasema walilala kwa zamu ili asipatikane mtu wa kuwavizia. Hadi mapema 1993 karibu wana wote walikuwa wametoka.

Ukisema kanisa lilivamiwa 1997, ni kanisa hilohilo. Askari waliojua njia ya kuingia walikuwa wameshaizingira nyumba ile miaka mitano kabla. Na pale Uhuru Park mpaka leo tunapaita Freedom Corner, wengine wanapita bila kujua ni kwa sababu ya kina nani.

#5 Mlolongo88

Dada Binti_Mau, umenisahihisha vizuri na nimekubali. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kuionyesha nchi kwamba Desemba 1991 haikumaliza kazi.

#6 Kijana wa Ilala

Wakuu, naingia kutoka Dar. Mlolongo88 ameuliza leseni iko kwa nani. Kwetu historia ni ya ajabu kidogo kwa sababu sisi tuliiondoa kabla yenu, na aliyeiondoa ni mtu mmoja na jaji mmoja.

Tume ya Nyalali iliundwa 1991. Wengi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ila tume ikashauri vyama vingi, na ikataja sheria 40 za ukandamizaji za kufutwa au kurekebishwa. Julai 1992 vyama vingi vikaanza. Zile 40 zikawekwa kabatini. Ndicho hicho unachokisema: jambo kubwa likapita, madogo yakabaki.

Sasa Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu Dodoma, akapinga pamoja na mengine sharti la kibali cha mkutano. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akasema kibali kinavunja haki ya kukusanyika iliyomo kwenye katiba. Mwaka uliofuata sheria ya polisi ikarekebishwa: badala ya kuomba kibali unatoa taarifa saa 48 kabla. Miaka miwili kabla ya IPPG yenu.

Lakini, mkuu, hapa ndipo ninapokwama. Sheria ya taarifa tunayo tangu 1995. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku kwa tamko, na sheria ile ile ikiwa kitabuni. Ikaja kuruhusiwa tarehe 3 Januari 2023, pia kwa tamko. Katiba mpya nayo: Rasimu ya Warioba, Bunge Maalumu la 2014, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa, haijapigwa mpaka leo. Kama neno la mkubwa linaweza kufunga na kufungua, kupigania kifungu kuna faida gani?

#7 NCEC Halisi

Naomba niseme ambalo Mlolongo88 amelipaka sukari. IPPG ilikuwa usaliti. Watu walikufa barabarani wakidai katiba yote iandikwe upya kabla ya uchaguzi. Wabunge wakaona madaraka yanawatoka yanakwenda kwa watu wa mtaani, wakakimbilia kuketi na KANU, wakapewa makombo. Desemba Moi akashinda tena kwa takriban asilimia 40. Katiba tuliingoja hadi Agosti 2010. Hesabu ni miaka 13.

#8 Mlolongo88

NCEC Halisi, hasira yako naijua, nilikuwa chuo mwaka ule na nilikuwa upande wako. Leo naona tofauti, ila kuna sehemu moja una haki kuliko hata ulivyosema.

Yale mabadiliko ya IPPG yalikuwa ya aina mbili. Kuna yaliyoingia kwenye sheria: leseni, chifu, kosa la uchochezi. Hayo yalidumu. Kuanzia 1998 ungeweza kuitisha mkutano wa kudai katiba mpya, na ndivyo viongozi wa dini walivyoweza kuendesha mchakato wao wa katiba pale Ufungamano, Nairobi, hadi ukaungana na tume ya katiba ya Profesa Yash Pal Ghai 2001. Mchakato ule usingewezekana kwa leseni ya D.C.

Na kuna yaliyobaki makubaliano ya waungwana. La makamishna 10 wa upinzani lilikuwa hilo. Halikuandikwa popote penye kumfunga rais. Mwaka 1997 na 2002 liliheshimiwa. Kabla ya uchaguzi wa 2007 Rais Kibaki, mtu ambaye 1997 alikuwa upinzani na alifaidika nalo, aliteua makamishna wapya bila kushauriana na wapinzani wake. Tume ile ndiyo iliyotangaza matokeo ya Desemba 2007. Ghasia zikazuka, na Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu waliokufa 1,133. Sisemi uteuzi ule peke yake uliua. Ardhi, ukabila, mambo mengi yalikuwepo. Lakini tume ambayo nusu ya nchi haikuiamini ndiyo iliyoshika karatasi, na haikuaminika kwa sababu neno moja halikuandikwa 1997.

Kijana wa Ilala, swali lako ni gumu na sitakudanganya kuwa nina jibu kamili. Sisi tuna Ibara ya 37 tangu 2010: kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa amani bila silaha. Tarehe 25 Juni 2024 watoto wetu walipigwa risasi ibara hiyo ikiwa imeandikwa. Kwa hiyo karatasi haizuii risasi. Lakini naona tofauti moja. Mwaka 1990 waliouawa waliitwa wahuni waliovunja sheria, na kisheria serikali ilikuwa na pa kusimamia: hawakuwa na leseni. Mwaka 2024 aliyekuwa nje ya sheria alikuwa aliyefyatua. Wazazi wa watoto wale wana kifungu cha kwenda nacho mahakamani. Wale kina mama wa Binti_Mau mwaka 1992 hawakuwa nacho, ikabidi watumie miili yao. Hata ninyi, miaka ile ya marufuku, kila aliyeuliza "kwa sheria ipi?" alikuwa anasimama mahali ambapo Mtikila alimjengea. Mimi nasema hilo si dogo, ingawa najua kwa aliyefungiwa miaka sita linaonekana dogo.

#9 Fundi_Baraka

Mimi ni kijana wa 23, Nakuru. Nimesoma yote. Tuna shida ya maji mtaani, tunataka kutembea hadi ofisi za kaunti. Wazee wa mtaa wanatuambia tukaombe ruhusa kwa chifu. Tufanyeje?

#10 Mlolongo88

Fundi_Baraka, usiende kwa chifu, na usiende kuomba. Unatoa taarifa, kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lenu, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Barua iwe na majina kamili ya waandaaji na mahali mnapoishi, tarehe na saa, ambayo iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na njia mtakayopita mpaka mtakapoishia. Usitumie neno "tunaomba". Andika "tunakujulisha".

Chapisha nakala mbili. Moja muache, nyingine mhakikishe imepigwa mhuri wa siku hiyo. Akikataa kupiga mhuri, nendeni watatu, mmoja aandike saa na jina la askari aliyepokea. Akiwaambia haiwezekani, muulizeni kwa upole kama kuna kundi jingine lililotangulia kutoa taarifa ya siku hiyo, saa hiyo, mahali hapo, kwa sababu hiyo ndiyo sababu ambayo sheria inampa ya kuwakatalia, na aiandike.

Siku yenyewe wekeni kina mama mbele na madumu yao ya maji matupu. Nakala yenye mhuri abebe mtu asiyependa kugombana. Nitumie rasimu ya barua hapa leo usiku, nitaisoma kabla sijalala.